Fedha za mikoko ziamuliwe Gazi
Shirika la kimataifa likitaja maendeleo endelevu, mimi hutaka kujua kwanza nani anashika fedha. Huko Gazi na Makongeni, Kaunti ya Kwale, jibu liko wazi. Tangu 2013 wakazi, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, wamekuwa wakilinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa humo, nyingi yake ikiwa imefukiwa kwenye tope, kwa viwango vya shirika la Plan Vivo la Scotland. Matumizi ya mapato hujadiliwa barazani: maji ya bomba, vitabu vya shule, miche zaidi. Umoja wa Mataifa uliwapa Tuzo ya Ikweta mwaka 2017, na walistahili. Boriti na kuni bado watu wanazihitaji, ndiyo maana imepandwa mivinje kando ili mikoko isikatwe. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walisaidia kupima hewa ukaa hiyo, kazi ambayo kijiji peke yake kisingeimudu. Hapo ndipo mgeni ana nafasi yake halali: alete utaalamu, atafute mnunuzi, alipe bei ya haki kwa mkataba wa muda mrefu. Wafadhili wanaopanga miradi ya pwani yetu waende barazani kabla bajeti haijafungwa.