Kadi Ziliraruliwa Wapi?

Katika kikao kimoja cha chama chetu nilisimama kuzungumzia vita vya Wafilipino vya kudai uhuru kutoka kwa Wahispania. Kabla sijafika mbali, mwenzangu mmoja akanikata kauli: "Sasa ndugu, mtu akirarua karatasi Jumapili ama Jumatano, yatuhusu nini sisi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikaketi kama niliyemwagiwa maji. Siku hiyo nilikosa jibu. Leo ninalo.

Kwanza kisa chenyewe. Tarehe 7 Julai 1892, mjini Manila, Andres Bonifacio na wenzake waliunda chama cha siri kilichoitwa Katipunan. Bonifacio hakuwa bwana mkubwa, la, alikuwa mfanyakazi wa bohari tu. Tarehe 19 Agosti 1896 siri ikafichuka. Padri wa Tondo, Mariano Gil, alipashwa habari, na kamatakamata ikaanza. Bonifacio alikuwa ameshatoka mjini, yuko sehemu za Caloocan, na wafuasi wakamiminika huko. Huko ndiko waliporarua sedula zao na kupiga ukelele wa kuasi. (Nasema ukelele, si kilio. Kilio ni cha matanga, na hawa hawakuwa wakiomboleza mtu.) Sedula ilikuwa stakabadhi ya kodi na kitambulisho papo hapo. Sisi ambao wazee wetu walining'inizwa kipande shingoni kuanzia mwaka 1920 hatuhitaji kuelezwa utamu wa kuirarua.

Lakini ni siku gani, na mahali gani? Hapo ndipo wanahistoria wanaposhikana mashati. Guillermo Masangkay, aliyekuwapo, alisema ni Balintawak, tarehe 26 Agosti. Santiago Alvarez aliandika kuwa ni Bahay Toro, tarehe 24, kwenye ghala la Melchora Aquino, yule ajuza wa miaka 84 aliyewalisha waasi hata Wahispania wakampeleka uhamishoni Guam. Naye daktari Pio Valenzuela akasema ni Pugad Lawin, maana yake kiota cha mwewe, tarehe 23, nyumbani kwa Juan Ramos. Na huyo Juan Ramos ni nani? Ni mwana wa Melchora Aquino! Kwa hiyo hata wanapopingana, wengine wanazungukazunguka boma la mama mmoja.

Kwa miaka mingi watu waliadhimisha tarehe 26, na mwaka 1911 wakasimamisha sanamu Balintawak. Kisha akaja mwanahistoria Teodoro Agoncillo, akashikilia maelezo ya Valenzuela, na mwaka 1963 serikali ya Rais Macapagal ikaitambua tarehe 23 na Pugad Lawin. Basi, mjadala ukafungwa kwa muhuri.

Mimi siukubali muhuri huo. Valenzuela alipojisalimisha na kuhojiwa mwaka ule ule wa 1896, alitaja Balintawak. Pugad Lawin ya tarehe 23 aliiandika katika kumbukumbu zake miaka mingi baadaye. Eti tuchague kauli ya uzeeni tuiache ya ujanani? Wanaomtetea hujibu kwamba mateka huwaficha wenzake, na jibu hilo si la kupuuzwa. Mtu aliye mikononi mwa adui ana sababu ya kudanganya. Lakini mzee naye ana sababu ya kusahau. Hayo yote mawili yalimpata mtu mmoja, halafu taifa zima likajengewa kalenda juu yake!

Na kuna jambo lingine, ambalo kwangu ndilo kubwa. Hawa wanaogombana hawaulizi swali moja. Kuamua kupigana ni jambo moja, kurarua sedula ni la pili, na risasi ya kwanza ni la tatu. Mwaka 1996 wanahistoria Milagros Guerrero, Emmanuel Encarnacion na Ramon Villegas waliyatenganisha mambo hayo, wakaona tarehe 24, kwenye ghala la Melchora Aquino, ina uzito zaidi. Tena jina Balintawak lilitumiwa na watu wa Manila kwa eneo pana, jinsi mtu wa mbali anavyosema "natoka Nairobi" kumbe kwao ni Kikuyu ama Ngong. Naamini kadi ziliraruliwa zaidi ya mara moja. Watu walikuja makundi makundi, wakahama kutoka boma hadi boma wakiwakwepa askari. Je, waliofika Jumatano wangeambiwa warudi na sedula zao kwa kuwa sherehe ilifanyika Jumapili?

Sasa, ndugu yangu uliyenikata kauli, hili ndilo jibu langu. Ukiifuta tarehe 26 hufuti namba tu. Unamwambia Masangkay, aliyesimama pale akiwa na roho mkononi, kwamba hakuwapo.

Ukienda huko leo kuitafuta ile sanamu ya mwaka 1911, usiende Balintawak. Mwaka 1968 iling'olewa kupisha barabara, ikapelekwa Chuo Kikuu cha Ufilipino kule Diliman. Nayo imehama, kama tarehe yake.