Trekta Lashuka Kilindini, Kulabu Yachomelewa Bomet

Trekta nililolikuta limeegeshwa chini ya mkaratusi pale Silibwet, si mbali na hospitali ya Tenwek, lilikuwa dogo kiasi cha mtu kulizunguka kwa hatua chache. Rangi ya machungwa iliyopauka, maandishi ya Kijapani ubavuni, na karatasi ya yadi ya Mombasa bado imebandikwa karibu na taa. Mwenyewe, mkulima wa makamo mwenye ekari chache za chai upande wa Konoin, alikuwa amemletea fundi kazi mbili. Ya kwanza, kulabu ya kukokotea trela la majani mabichi na mitungi ya maziwa. Ya pili, rampu ya kulipandishia trekta kwenye Canter, kwa sababu msimu wa kulima hulikodisha kule Mulot, kwenye nchi kavu ya mahindi, na kuliendesha lenyewe mpaka huko ni kumaliza mafuta na mipira bure.

Msomaji wa Pwani ataniuliza, ya Bomet yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa kuwa mlango wa trekta lile ni wetu. Haya matrekta madogo yaliyokwisha kutumika Japani, Kubota, Yanmar, Iseki na ndugu zao, hushuka Kilindini, hulala yadi siku kadhaa, kisha hupandishwa malori: Nairobi, Mai Mahiu, Narok, Bomet, mwendo wa kiasi cha kilomita 700. Mengine hayaendi mbali hivyo. Yapo Shimba Hills, yapo Magarini, yapo Mpeketoni. Na popote yaendapo, jambo la kwanza linalofanywa ni lile lile nililoliona Silibwet: hupelekwa kwa mchomeleaji.

Sababu si ujinga wa mtu. Mashine hizi ziliundwa kwa mashamba madogo ya mpunga. Nyuma yake hufungwa jembe la kuzunguka la kuvurugia tope, na mikono ya kulibeba jembe hilo imepimwa kwa jembe hilo. Mkulima wetu analo jembe la diski alilorithi kutoka enzi za Massey Ferguson, au trela lililotengenezwa Nakuru. Vipimo havikubaliani. Kwa matrekta ya kadiri ya kati ya daraja la kwanza, pini za mikono ya chini huwa milimita 22 na ile ya mkono wa juu milimita 19. Daraja la pili ni 28 na 25. Trekta dogo kabisa huwa chini ya hapo. Basi lazima mtu akate, atoboe, avike bomba ndani ya tundu, achomelee. Hapo ndipo fundi wa jua kali anapoingia, na hapo ndipo serikali zetu, ile kuu na zile za kaunti, zinapokuwa zimekwisha kuondoka. Habari za kilimo cha mashine nchini huishia siku ya kukabidhi funguo na kupiga picha.

Fundi alikuwa amekwisha kushikiza bamba la kulabu kwa matone mawili ya welding. Alilishikiza pale juu, nyuma ya gia, kwenye pachipachi la mkono wa juu. Ni mahali panapopendeza macho: chuma ni kinene, matundu yapo tayari, na mtu hahitaji kuinama anapofunga trela. Nikamuuliza, "Fundi, mzigo ukikwama mlimani, gurudumu la nyuma litafanya nini?"

"Litateleza, mzee."

"Na lisipoteleza?"

Alinyamaza kidogo. Akachukua kijiti cha kuchomelea, akakishika katikati kwa vidole viwili kama ekseli, akakivuta ncha ya nyuma kwa juu. Ncha ya mbele ikapanda. "Litajipanda lenyewe," akasema.

Kauli hiyo ndiyo elimu yote, na aliijua bila ya kufundishwa. Hakuwa amewahi kuulizwa tu. Injini huizungusha ekseli, ekseli huzungusha gurudumu. Gurudumu likigoma kwa sababu limeshika ardhi na mzigo hausogei, nguvu ile ile hugeukia mwili wa trekta, na pua huanza kuinuka. Kulabu ikiwa chini ya usawa wa ekseli, mzigo hulivuta trekta liinamie mbele, na kila pua inapoinuka kulabu nayo inashuka zaidi, hatari inapungua. Kulabu ikiwa juu ya ekseli, mzigo unamsaidia mpinduaji. Trekta hupinduka kinyumenyume juu ya dereva wake kwa muda usiozidi sekunde moja na nusu. Hakuna wa kukanyaga klachi kwa wepesi huo. Dereva mmoja wa zamani wa mashamba ya mkonge Kilifi ndiye aliyenionya hivyo miaka mingi nyuma, naye alikuwa amemzika mwenzake.

Wala si jambo jipya. Fordson za mwaka 1917 na baada ya hapo zilikuwa na jina baya kwa kupinduka namna hii jembe lilipogonga jiwe au kisiki. Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland, aliisumbukia shida hiyo miaka mingi, akapata hataza ya mfumo wake mwaka 1926, na mwaka 1938 akapeana mkono na Henry Ford bila mkataba wa maandishi ili uuzwe kwa wingi. Ile mikono mitatu tunayoiona nyuma ya kila trekta leo haikubuniwa ili ibebe jembe tu. Mkono wa juu upo ili jembe likikwama, nguvu irudi mbele na kuikandamiza pua chini. Sasa mtu anayefunga mnyororo wa trela kwenye mkono huo wa juu anaigeuza dawa kuwa sumu, na pengine anafanya hivyo kwa ustadi mkubwa wa welding.

Nchi ya Bomet inazidisha mambo. Konoin ni milima na makorongo ya kijani. Njia za kutoka shambani hadi kituo cha kununulia majani ni za udongo mwekundu unaonata mvua ikinyesha. Mzigo hukwama huko kila wiki. Sisi huku tambarare tuna mchanga, nao una ubaya wake, lakini mtu wa Kinango au wa Shimba Hills anayajua makorongo pia.

Nataka niwe mkweli juu ya chuma. Kulabu aliyokuwa akiitengeneza fundi ilikatwa kutoka kwenye spring ya lori, kwa kuwa spring ni ngumu na kila mtu anaamini ugumu ndio nguvu. Spring ina kaboni nyingi. Ukiichomelea kwa vijiti vya kawaida bila kuipasha moto kwanza na kuiacha ipoe polepole, pembeni mwa mshono inakuwa kama kioo: inabeba miezi, kisha siku moja inakatika bila kupinda. Chuma laini cha bamba, kinene cha kutosha, kingefaa zaidi, maana chenyewe hupinda kwanza na kumpa mtu onyo. Pini nazo zilikuwa vipande vya nondo za nyumba. Bolti yenye alama ya 8.8 kichwani haina bei ya kumfilisi mtu mwenye trekta, lakini nondo ipo pale chini, ya bure.

Na hiyo "bure" ina historia yake. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya chuma chakavu. Zuio liliondolewa miezi michache baadaye, kukawekwa leseni. Lengo lilikuwa kuwashika wezi wa minara, na nani atawatetea wezi? Lakini biashara hiyo hiyo ya chuma cha kilo ndiyo ghala la fundi mdogo, kuanzia Jomvu hadi Silibwet. Aliyekosa chuma kizuri hakuacha kuchomelea. Alichomelea alichonacho.

Rampu ilinisumbua kuliko kulabu, pengine kwa sababu inaonekana ni kitu rahisi. Kitanda cha Canter kiko kiasi cha mita moja kutoka chini. Mwenye trekta alitaka rampu ya mita mbili ili iingie pembeni mwa kitanda bila kutokeza. Mita mbili kwa mita moja ni mteremko wa nyuzi 30. Ukirefusha hadi mita tatu unapata nyuzi 19 na nusu, na kwa mita nne zinashuka hadi 14 na nusu. Trekta la kilo mia nane au elfu moja likipanda nyuzi 30 kwa mbele, hali yake ni ile ile ya mzigo uliokwama: uzito wote umekaa nyuma, pua nyepesi, na klachi ikiachwa ghafla linamlalia mtu. Ndiyo maana lenye nguvu za nyuma tu hupandishwa kwa rivasi na kuteremshwa kwa mbele, upande mzito uwe juu mlimani siku zote. Rampu yenyewe iwe na midomo inayoning'inia kwenye kitanda na mnyororo wa kuifunga kwenye lori, kwa sababu gurudumu linapouma huisukuma nyuma. Na chini ya mkia wa Canter pawekwe miguu miwili ya bomba, ama sivyo trekta linapokanyaga ukingo, mkia unalala na magurudumu ya mbele ya lori yanaelea.

Wazee wa Bomet walikuwa na rampu bora kuliko zote. Unarudisha lori kwenye ukingo wa udongo, kama unavyopakia ng'ombe sokoni, trekta linaingia sawasawa. Haigharimu kitu. Mwenye trekta akacheka, akasema kweli, babake alifanya hivyo, lakini kule Mulot hakuna ukingo.

Mtu akitaka kuelewa siasa ya mashine katika nchi ya chai, akumbuke Mei 2023. Vijana wa Kericho waliingia mashamba ya kampuni wakachoma mitambo ya kuchumia chai, na katika vurugu hizo mtu akapoteza maisha. Hasira yao ilikuwa na msingi, kwani mtambo mmoja hufanya kazi ya wachumaji wengi, na hao ni watu waliozaliwa kando ya ardhi ambayo mababu zao walinyang'anywa na mkoloni. Mashine ya kampuni ilichomwa. Trekta dogo la jirani linaoshwa na kupakwa grisi. Tofauti ni nani anakula. Trekta dogo linampa kazi dereva, linampa fundi, linampa mwenye trela, linamlimia mjane ambaye hana ng'ombe wa kukokota jembe. Lakini mtambo wa kampuni huja na fundi wake, kitabu chake, vipuri vyake na mafunzo ya dereva. Hili tunalolipenda huja uchi. Mashine inayomfaa mnyonge ndiyo iliyoachwa bila ulinzi.

Sheria zipo, tena nzuri. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na mwaka huo huo ile ya fidia kwa wanaoumia kazini. Shamba ni mahali pa kazi. Kibarua anayeendesha trekta la Mulot ana haki chini ya zote mbili. Nani amewahi kumwona mkaguzi wa kazi akiinama nyuma ya trekta kupima urefu wa kulabu?

Sweden walilazimisha kila trekta jipya liwe na fremu ya kumkinga dereva tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Mengi ya haya madogo ya zamani hayana fremu hiyo. Hapa ndipo naiona nafasi ya Pwani. Mizigo yote hii hupita mlango mmoja. Kipimo kimoja pale bandarini, cha fremu ya dereva na kipande cha kukokotea kilicho chini ya ekseli, kingefanya kazi ambayo wakaguzi wa kaunti 47 hawataifanya. Muagizaji atalalamika kuwa bei itapanda. Itapanda, ndiyo, kwa gharama ya mabomba na bolti, na kazi hiyo inaweza kufanywa na vijana wa Changamwe wenye vyeti vya ufundi wanaokaa vibarazani. Kwale na Kilifi nazo, ambazo zimenunua matrekta ya kuwalimia wananchi kwa bei nafuu, zingeweza kuanza na vyuo vyao vya ufundi: siku moja ya somo, kulabu mbili, moja juu na moja chini, na kijiti cha kuchomelea cha kushika kwa vidole.

Fundi wa Silibwet alizigonga zile shikizo mbili kwa nyundo, bamba likaanguka. Akapima upya chini ya gia, akalalamika kuwa sasa atachomelea akiwa amelala chali na cheche zitamwangukia shingoni, na mwenye trekta akaongezewa mia tano. Rampu walikubaliana mita tatu, itokeze nyuma na kitambaa chekundu. Kabla sijaondoka fundi aliniomba nikifika Mombasa nimtafutie kitabu cha lile trekta, hata cha Kiingereza.

Nilikwenda yadi moja Jumatatu iliyofuata. Kijana wa pale alinitazama kama niliyeulizia cheti cha ndoa cha trekta. Vitabu, akaniambia, hubaki Japani. Huku hushuka chuma.