Msimsingizie Mtazamaji

Filamu ni biashara, tunaambiwa, na biashara haijui rangi wala jinsia: mwenye kipaji atauza, anayeuza atapewa kazi. Toa hoja hiyo kijiweni, utapigiwa makofi. Mimi naiona kisingizio cha wenye fedha.

Mtazamaji anaulizwa nini hasa? Anakata tiketi ya filamu iliyokwisha kupigwa. Nani aigize, nani aongoze, nani alipwe kiasi gani, yote yaliamuliwa ofisini kabla bango halijabandikwa. Mwaka 1937 studio ya MGM ilitoa The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China. Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles mwenye asili ya China, nyota aliyejulikana hadi Ulaya, aliitaka nafasi ya mke. Akapewa Luise Rainer, Mzungu mzaliwa wa Ujerumani. Akapakwa vipodozi afanane na Mchina, akashinda Oscar. Wong alitakiwa acheze suria mvuruga nyumba, akakataa. Watazamaji gani walishauriwa hapo?

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, njooni 2017. Baadhi ya vipande vya filamu All the Money in the World vilipigwa upya. Mwigizaji Mark Wahlberg akalipwa dola milioni 1.5 kwa marudio hayo, mwenzake Michelle Williams posho isiyofika dola 1,000. Na kampuni ya uwakala iliyowasimamia ilikuwa moja! Watetezi watasema ni mikataba. Sawa, ila hakuna mnunuzi wa tiketi aliyeiandika.

Naye Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyetwaa Oscar 2014 kwa kuigiza mtumwa, amesimulia kwamba aliletewa nafasi ya mtumwa tena, safari hii ndani ya meli. Miaka minne baada ya Oscar hiyo, filamu ya Black Panther, alimoigiza, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Watu walikuwepo siku zote. Filamu ndiyo haikuwapo.

Hawa wanaojiita watu wa hesabu, wanahesabu upande mmoja. Mwaka 2014 Ike Perlmutter, bosi wa Marvel, alimwandikia mkuu wa Sony barua pepe ambayo baadaye ilivuja: Elektra, Catwoman, Supergirl, filamu tatu za mashujaa wa kike zilizoanguka, kama ushahidi kwamba filamu za aina hiyo haziuzi. Za mashujaa wa kiume zilizoanguka hakuzitaja. Zilikuwepo tele, na waliozitengeneza waliendelea kupewa mamilioni.