Herufi m ya meskalina

Mtu wa Lubumbashi akisema lopitali, walimu wetu wengi humsahihisha: sema hospitali. Wanaeleza kwamba l hiyo ni artikeli ya Kifaransa, iliyonaswa na msikilizaji asiyejua mahali pa kukata. Maelezo hayo ni ya kweli. Ninachokataa ni hukumu inayofuata, eti hilo ni neno la wasiosoma. Maana wasomi nao hukata vivyo hivyo.

Kuna kemikali ya kulevya, isiyojulikana sana, iitwayo eskalina. Haipatikani kwenye mmea, hutengenezwa maabarani. Inatofautiana na meskalina mahali pamoja tu: penye kikundi kimoja cha methoksi pamewekwa ethoksi. Basi wanakemia wakaondoa m, ikabaki eskalina. Ukiweka propoksi unapata proskalina. Ukiweka butoksi, buskalina. Alexander Shulgin na mkewe Ann walizieleza katika kitabu chao PiHKAL cha mwaka 1991, na humo meskalina yenyewe imepewa kifupi M.

Lakini m hiyo haikutoka kwenye methoksi hata kidogo. Arthur Heffter aliitenga meskalina huko Ujerumani mwaka 1897, naye Ernst Späth akaitengeneza maabarani na kuthibitisha muundo wake mwaka 1919. Jina, basi, lilitangulia muundo. Lilitokana na wafanyabiashara, ambao vipande vikavu vya peyote waliviita mescal, jina la kinywaji kingine kabisa. Neno hilo ni la Kinahuatl cha Meksiko: metl ni mmea wa jamii ya mkonge, na sehemu ya pili ina maana ya kupikwa. Kwa hiyo m ya meskalina ni ya mkonge, tena mkonge wenyewe hauna meskalina ndani yake!

Wanakemia wakaichukua m ya mkonge, wakaisoma kama m ya methoksi, wakaing'oa na kupachika herufi nyingine. Ndivyo Waswahili walivyofanya na kitabu cha Waarabu: ki ambayo ni ya mzizi ikageuzwa kiambishi cha ngeli, tukapata vitabu. Watanzania nao wana vipilefti vyao barabarani. Mimi sijamsikia mtu akimkaripia mwanakemia kwa sababu ya eskalina.

Nina pingamizi moja, nalo si la mofolojia. Kipande hicho -skalina kinaonyesha undugu wa muundo, lakini msikilizaji huelewa zaidi ya hapo: hudhani anayeijua meskalina anaijua na eskalina. Peyote, ambayo Wawixárika huiita hikuri, ina karne nyingi za matumizi ya kidini, na wazee wanaojua kiasi na miiko yake. Eskalina haina wazee. Tena kwa uzito uleule ina nguvu mara kadhaa kuliko meskalina, hivyo anayekadiria kwa kufuata jina anaweza kujidhuru vibaya. Sisi wa isimu tungeweza kuwaeleza wenzetu wa famasia jambo hilo, kama tungekuwa tunazungumza nao.

Kwa sasa ningeomba jambo dogo zaidi: katika somo la mofolojia la mwaka wa kwanza, lopitali iandikwe ubaoni kando ya eskalina na kitabu, ichambuliwe, kabla haijapelekwa kwenye orodha ya makosa.