Waya Si Mgeni

Jijini Arusha, chini ya Mlima Meru, mpwa wangu alinionyesha mchezo wa kompyuta uitwao The Powder Toy. Humo mna waya uliofunikwa: umeme hupita ndani yake bila kurukia chuma kinachogusana nao. Akauliza, "Mjomba, huu waitwaje kwa Kiswahili?" Nikajibu: waya. Akacheka, akidai hicho ni Kiingereza.

Nakataa. Waliotutangulia walilipokea neno hilo wakalitia katika ngeli ya U-ZI: waya, nyaya, mithili ya wayo, nyayo. Neno lililopata wingi wa kwetu si geni tena. Washairi, tusiogope kuutia waya katika vina. Tuogope watoto wetu kudhani kwamba wanachokichezea hakina jina kwao.