Tumpe Mtoto Karatasi Tupu

Asubuhi moja nilikaribishwa katika darasa la maandalizi, katika mtaa wa Amani mjini Unguja. Watoto walikuwa wa umri wa miaka minne hadi sita, nao walikuwa wengi kuliko madawati. Somo lilikuwa kuchora. Mwalimu alichora nyumba ubaoni: kuta, mlango katikati, madirisha mawili, paa la pembe tatu, na juu ya paa bomba la kutolea moshi. Kisha akawaamuru watoto wainakili. Nilipopita baina ya safu niliziona nyumba zipatazo hamsini, na zote zilikuwa na bomba la moshi, ijapokuwa sidhani kama katika Amani nzima ipo hata nyumba moja yenye bomba la namna hiyo, wala hatuna baridi ya kutufanya tulihitaji.

Mtoto mmoja tu hakufuata. Alichora jumba refu mfano wa sanduku lililolazwa, lenye madirisha safu juu ya safu, na katika baadhi ya madirisha hayo zilining'inia kanga. Nilimwuliza ni nini, akanijibu kwamba ni kwa bibi yake, Michenzani. Mwalimu alipofika aliitazama karatasi ile akasema, "Hii si nyumba. Futa, uanze tena." Mtoto akafuta, akachora bomba la moshi.

Ndugu msomaji, simtaji mwalimu yule wala skuli yake, kwa kuwa simlaumu. Naye alifundishwa hivyo hivyo, na aliyemfundisha alifundishwa hivyo hivyo. Aidha, mtu mmoja mbele ya watoto hamsini, mwenye kipande cha chaki na muda wa nusu saa, hana budi kutafuta njia ya kuwatuliza. Lakini jambo lililotendeka pale si dogo. Mtoto alikuwa ameitazama nyumba ya kweli, ya nchi yake, akaikumbuka, akaipanga karatasini kwa akili yake mwenyewe. Sisi tukamwambia kwamba alichokiona kwa macho yake si kitu, na kwamba kilicho sahihi ni kile asichopata kukiona.

Hoja yangu leo ni hii: mtoto mdogo hana budi afundishwe kutazama na kubuni kabla ya kufundishwa kunakili. Nasema hivyo si kwa kutaka kila mtoto wa Unguja awe mchoraji. Nasema hivyo kwa sababu mtoto aliyezoezwa kufuta anachokiona atakuwa mtu mzima asiyethubutu kuona, awe karani, mhandisi, tabibu au mwalimu.

Bomba lile la moshi lina historia yake. Lilikuja na vitabu vya kigeni katika skuli za kikoloni, ambamo mtoto wa mwambao alijifunza kuwa picha nzuri ni ile inayofanana na iliyotoka ng'ambo. Mwezi wa Desemba mwaka 1962, alipoingia madarakani kama Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere aliwakumbusha Wabunge jinsi skuli hizo zilivyowafundisha Waafrika nyimbo na ngoma za wengine na kuwafanya wazionee haya zao, naye akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Hapa Zanzibar, tarehe 23 Septemba 1964, elimu ilitangazwa kuwa bila malipo, na milango ya skuli ikafunguliwa kwa mtoto wa kila mwananchi. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 nayo ikaiingiza miaka miwili ya maandalizi katika elimu ya msingi. Hizo ni hatua kubwa. Lakini tukikubali kusema kweli, mtoto alipoingia darasani alilikuta bomba la moshi limekwisha kutangulia.

Wengi wetu tukisikia neno sanaa hufikiri ni pambo la matajiri au starehe ya watalii. Hayo ni makosa. Tazama kawa inayofunika chakula nyumbani: ni ukili uliotiwa rangi, ukasukwa kwa hesabu, na kosa moja la hesabu huharibu ua zima. Tazama kofia ya viua, ambayo kila tundu lake dogo limeshonwa kwa mkono. Tazama shupatu za ukindu zinavyounganishwa hata mkeka ukakamilika bila ya ua kukatika. Waliofanya kazi hizo ni mama zetu na bibi zetu, na wengi wao hawakupata kushika kalamu.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, alikuwa mtoto wa mfinyanzi. Alijifunza kazi ya udongo kwa mama yake, akavichukua vyungu mjini kwenda kuviuza, na sauti aliyovinadia vyungu hivyo ndiyo iliyokuja kusikika katika santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928. Hakupata skuli. Alichopata ni malezi ya nyumba ambamo watu walitengeneza kitu kwa mikono yao na kukihukumu kwa macho yao. Malezi hayo ndiyo yanayopungua leo, kwa kuwa mtoto anaondoka nyumbani asubuhi kwenda skuli, na jioni bibi amekwisha kuchoka. Ikiwa skuli imemchukua mtoto saa ambazo zamani alikuwa akijifunza kwa bibi, basi skuli ina deni.

Tufikiri pia juu ya riziki na urithi. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Watu husafiri maelfu ya maili kuja kuitazama milango yetu iliyonakshiwa, yenye minyororo, maua na magamba ya samaki. Mtoto wa Amani yuko kilomita chache tu kutoka kwenye milango hiyo, lakini ni wangapi kati ya watoto hao waliopata kusimamishwa mbele ya mlango mmoja wakaambiwa: tazameni, hii ni kazi ya fundi wa hapa petu? Wengi huufahamu Mji Mkongwe kama mahali pa kwenda kutafuta shilingi kwa wageni. Mrithi amekuwa mchuuzi mlangoni kwake mwenyewe.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, ilianguka, na watu wakapoteza maisha. Fedha za kulijenga upya jengo kama hilo zinaweza kutafutwa hata nje ya nchi. Lakini jicho linalojua tofauti ya nakshi njema na nakshi ya kubabaisha haliletwi kwa meli. Jicho hilo hulelewa, na malezi yake huanza katika umri wa wale watoto niliowakuta darasani.

Pita katika maduka ya picha ya Mji Mkongwe. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, bila ya chuo, kwa rangi za kawaida za dukani juu ya vipande vya hadibodi, akabuni jambo ambalo halikuwapo kabla yake. Alifariki mwaka 1972. Leo, zaidi ya miaka hamsini baadaye, katika duka baada ya duka utamkuta twiga yule yule na machweo yale yale, yaliyonakiliwa na vijana wenye mikono hodari. Siwadharau; wanatafuta chakula cha watoto wao. Lakini mtu hujiuliza: kijana yule alipokuwa na miaka mitano, je, yuko aliyemwuliza yeye anaona nini? Au alipewa nyumba yenye bomba la moshi akaambiwa ainakili?

Hapo hapo Amani upo Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, ambamo vijana wetu wamekuwa wakionyesha halaiki katika sherehe za Mapinduzi. Halaiki ni jambo jema. Inafundisha nidhamu, subira na kushirikiana. Lakini mtoto aliye katikati ya umbo halioni umbo lenyewe. Wanaoliona ni waliokaa jukwaani. Mtoto anahitaji nyakati zote mbili: wakati wa kuwa sehemu ya umbo lililopangwa na wakubwa, na wakati wa kupanga umbo lake mwenyewe. Tumeufanyia juhudi kubwa wakati wa kwanza. Wa pili tumeusahau.

Yapo majibu ninayoyatarajia. La kwanza ni kwamba hakuna fedha. Naam, lakini mpango wa madrasa za watoto wadogo ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ukafika Zanzibar mwaka 1990, ulionyesha kwamba darasa la watoto linaweza kujazwa vifaa vya kujifunzia vilivyotengenezwa kwa vifuu, vizibo, mbegu na vitambaa. Rangi nazo zimetuzunguka: mkaa ni mweusi, chokaa ni nyeupe, manjano ya jikoni yanatoa rangi ya jina lake, hina inatoa rangi ya udongo, na tunda la mzingifuri likipasuliwa hutoa wekundu ambao wageni hulipa kuonyeshwa mashambani. Mtoto anayejitengenezea gari la makopo, anayepeperusha tiara ya karatasi na vijiti, hatuwezi kusema kwamba anangojea msaada ndipo abuni.

Jibu la pili ni kwamba mtihani hauulizi mambo haya. Lakini mtoto anayehesabu nyuzi mbili nyekundu na moja ya kijani, kisha mbili nyekundu na moja ya kijani, hata akalitambua ua la kawa, amekwisha kuianza hesabu. Na mtoto anayeeleza picha yake mbele ya wenzake, akatafuta maneno ya kueleza kwa nini bahari yake ni nyeusi, amekwisha kuanza kutunga insha.

Jibu la tatu nalichukulia kwa heshima zote. Wapo wazazi wasiopenda watoto wao wachore viumbe vyenye roho. Rai yao isipuuzwe, na wala si kikwazo. Mafundi wa mwambao huu waliijaza milango, misala na kofia kwa maua, majani, duara, pembe na hati, wakafikia upeo wa uzuri. Mtoto anayeanza na nakshi hizo hajaanza na kitu duni.

Sasa, nini kifanyike? Kwa ndugu zangu walimu nina ombi moja: mara moja kwa wiki, mpeni mtoto karatasi tupu, na ubao uwe mtupu vilevile. Akimaliza, msimwulize kwa ukali, "Hiki nini?" Mwambieni, "Hebu nieleze." Msisahihishe kwa kalamu nyekundu. Karatasi zikikosekana, upo mchanga, upo udongo, ipo sakafu na chaki.

Pamoja na kubuni, mfundisheni kutazama, kwani mambo haya mawili hayatengani. Leteni darasani kitu kimoja tu, tuseme mkeka. Kwanza watoto wautazame kimya. Kisha wataje wanachokiona: rangi ngapi, ua gani linarudi, linarudi baada ya nini. Kisha waulize: nani aliutengeneza, kwa jani gani, kwa siku ngapi? Kama yuko mama au bibi mtaani anayesuka, naye aitwe aje aketi mbele yao kama mwalimu, kwa maana katika fani hiyo ndiye mwalimu. Mwisho watoto wabuni ua lao wenyewe. Kabla mwaka haujamalizika, watembezwe hadi Mji Mkongwe, kila mtoto achague mlango mmoja na kuukumbuka.

Kwa ndugu watumishi wa idara zinazohusika, naomba saa hiyo moja iandikwe katika ratiba, isiachwe kuwa hisani ya mwalimu mwenye moyo. Mkaguzi anapokagua madaftari ya kuandika na kuhesabu, atake pia kuona kazi za watoto zilizobandikwa ukutani. Na akizikuta zote zinafanana, ajue kwamba hapo hapana kazi ya watoto, ipo kazi ya mwalimu iliyonakiliwa mara hamsini. Vyuo vya ualimu navyo vimpe mwalimu wa maandalizi nafasi ya kushika udongo na rangi yeye mwenyewe, kwani mtu hawezi kugawa asichokuwa nacho.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tumeipenda methali hii, na mara nyingi tumeitumia kukunja tu. Tukumbuke kwamba mtoto ana macho, na macho hayo yameuona mji wetu kwa namna ambayo sisi hatutaweza kuuona tena. Wiki ijayo, katika darasa lolote la Amani au la Makunduchi, mtoto akichora jumba refu lenye kanga madirishani, asiambiwe afute. Aulizwe ni kwa nani, naye asikilizwe anapojibu kwamba ni kwa bibi yake.