Mita 60 za mto Kiwira: Nani alipe gharama ya mbasa?

MKULIMA mwenye ekari moja kando ya mto Kiwira, wilayani Kyela, akichukua kamba na kupima mita 60 kutoka ukingoni, atapata jibu la kumkosesha usingizi. Ekari yenye pande sawa ina takriban mita 64 kila upande. Maana yake, shamba lake karibu lote limo katika eneo ambalo kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu kingo za mto. Kinachobaki kinatosha bustani ya mboga.

Sheria hiyo haikutungwa bure. Mbasa huishi Ziwa Nyasa, lakini wakati wa mvua hupanda mito kutaga mayai kwenye changarawe. Ukingo ukilimwa hadi majini, udongo huporomoka, tope hufunika changarawe na mayai hufa. Ni kweli pia kwamba mbasa wengi hunaswa na nyavu zinazotegwa mlangoni mwa mto kabla hawajataga. Hilo ni kosa la wavuvi, wala mkulima asibebeshwe.

Tatizo ni nani analipa na nani anavuna. Anayeacha ukingo bila kulima ni mkulima. Anayefaidika ni mvuvi wa Matema, mchuuzi wa samaki na mwenye mgahawa wa Mbeya mjini. Hata mwenye hatimiliki ya kimila, iliyotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hawezi kulisha watoto kwa kuangalia majani yakiota. Semina za mazingira hazijibu hoja hiyo.

Njia iliyo karibu zaidi ni kakao, zao ambalo Kyela inalijua kuliko wilaya nyingine yoyote nchini. Kwa asili kakao ni mti wa kivulini. Ikipandwa chini ya mikuyu na miti mingine ya asili iliyoachwa kando ya mto, mizizi hushika ukingo, majani makavu hufunika udongo na ndege hubaki na makazi. Ngedere nao watadai fungu lao. Lakini kivuli kikizidi, ugonjwa wa kuoza kwa matunda hushamiri, na dawa za shaba zinazopulizwa kuuzuia ni sumu kwa samaki. Karibu na maji, afadhali kupogoa matawi na kuondoa matunda yaliyooza kwa mkono.

Je, sheria inaruhusu? Kifungu hicho hicho kinampa waziri uwezo wa kutoa miongozo kuhusu shughuli ndani ya mita 60. Huko ndiko wakulima na halmashauri wangepeleka hoja, badala ya kusubiri mtu aje kung'oa mpunga.

Soko nalo lina la kusema. Mwaka 2024 kakao ilipita dola 10,000 kwa tani katika soko la New York, kisha ikashuka sana. Asijenge mtu nyumba kwa bei ya mwaka ule. Jambo la kudumu zaidi ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, inayokataa kakao ya mashamba yaliyofyekwa msituni baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini haujafutwa.

Kumlipa mtunza mto si jambo geni Tanzania. Katika milima ya Uluguru, mradi wa CARE na WWF ulilipa wakulima wa Kibungo Juu waliochimba matuta na kupanda miti ili maji ya Ruvu yasijae tope. Kyela chanzo cha fedha kipo: halmashauri hutoza ushuru wa mazao ya biashara, ambao tangu mwaka 2017 umewekewa kikomo cha asilimia 3. Sehemu ndogo ya ushuru wa kakao ingenunua miche na kumlipa anayeacha ukingo.

Malipo hayo hayahitajiki milele. Kakao huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 5, na kabla ya hapo mwenye ekari moja ana migomba tu ya kumlisha.